Buti la Pili

Shelby Kucera hakuwa mjinga, asikudanganye mtu. Alikuwa wa polepole tu. Kituo chake cha mafunzo kilichotangulia, hospitali kubwa ya mjini, kilimrudisha chuoni kwa sababu hiyo moja: mgonjwa mmoja alimchukulia muda wa wagonjwa watatu. Chuo kikampa nafasi ya mwisho kwenye zahanati ya Bi Verna Holtz, huku kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska, ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu. Akishindwa na hapa, ndoto ya kuwa tabibu msaidizi ilikuwa imekwisha, na mkopo wa masomo ungebaki palepale.

Bi Verna alikuwa tabibu msaidizi wa mji ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Daktari mwenyewe alipita mara moja moja, na watu hawakumuulizia sana. Kila vuli Bi Verna alipokea mwanafunzi mmoja kutoka chuoni, na kila mmoja alifundishwa kwa mtindo uleule. Unaingia kwa mgonjwa peke yako. Unampima. Kisha unatoka, unasimama ukumbini karibu na mizani, na unamweleza Bi Verna kwa kichwa, bila karatasi, ulichokikuta kuanzia utosini hadi unyayoni. Halafu mnaingia wote wawili.

"Sema ulichokiona," alimwambia Shelby siku ya kwanza. "Usichokiona usikiseme. Hayo mengine yote utayajua mbele ya safari."

Asubuhi hiyo aliyekuwa chumbani ni Mzee Orrin Sedlak, mfugaji, mjane, pande la mtu, kofia yake ameilaza gotini. Alikuja kwa ajili ya kisukari chake, kama kawaida yake kila baada ya miezi kadhaa. Shelby alimtazama macho, akamsikiliza mapafu na moyo, akambonyeza tumbo, yote kwa utaratibu wake ule wa kobe. Ikabaki miguu. Mwenye kisukari hukaguliwa miguu, viatu chini, soksi chini, na hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua.

Akainama. Mabuti yenyewe yalikuwa marefu, ya kamba tangu kidoleni hadi juu ya kifundo, yamekauka tope na samadi.

"Aa, achana na hayo, binti," Mzee Sedlak akasema. "Kuyavua kazi, kuyavaa kazi mara mbili. Na leo ndama wangu wanapakiwa, lori linanisubiri. Miguu haina neno."

Nje ukumbini Bi Verna akakohoa. Pengine kilikuwa kikohozi tu, lakini Shelby alisikia ndani yake saa ikienda, akaiona ile barua ya hospitali ya mjini iliyosema hajui kwenda na wakati. Akayabonyeza mabuti kwa juu, kana kwamba hiyo nayo ni kupima, akanyanyuka akatoka.

Pale kwenye mizani alieleza vizuri sana. Hata yeye mwenyewe alijisikia akieleza vizuri.

"Miguu?" Bi Verna akauliza.

"Mapigo ya damu yapo na yana nguvu, miguu yote miwili. Ngozi nzima, hakuna kidonda."

Ni maneno ambayo wanafunzi huyakariri mpaka yanajisemea yenyewe. Ulimi wake ulikwisha kufika mwisho kabla akili haijauliza unakwenda wapi.

Bi Verna alimtazama juu ya miwani. "Yote miwili?"

"Yote miwili."

"Haya. Tuingie."

Mzee Sedlak alikuwa anatabasamu tayari. Bi Verna akamwambia, "Orrin, hebu nitolee buti la kushoto. Binti kasikia mapigo humo, na mimi nataka kuyasikia." Mzee hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Alipandisha suruali mpaka gotini, akachukua funguo za gari lake akajigonga nazo kwenye muundi. Ukalia kama unagonga ndoo.

Ulikuwa mguu wa bandia. Wa kwake ulikatwa na mashine ya kufungia majani makavu, Shelby akiwa bado hajazaliwa.

Shelby alipigwa na butwaa. Alisikia joto likimpanda shingoni, kisha baridi. Wale wawili walikuwa wanacheka, tena si kwa ubaya, wanacheka kama watu wanaorudia kichekesho chao cha siku nyingi.

"Usijione peke yako," Mzee Sedlak akamwambia. "Yule kijana mrefu wa mwaka jana naye aliyasikia. Wa kabla yake ndiye kiboko, alinishauri nikate kucha." Akafuta machozi ya kicheko. "Kuwaambia mwache buti ndiyo kazi niliyopewa na Verna. Na hata kahawa haninunulii."

Bi Verna aliacha kucheka kwanza. "Shelby, upolepole ningekuvumilia. Huu si upolepole, umenidanganya usoni. Jioni tutaongea, mimi na wewe."

Shelby alijua maana ya jioni tutaongea. Mambo yalikuwa yameisha. Kumbe mtu akishapoteza kila kitu hofu nayo humwacha, na kilichobaki kwake kilikuwa aibu tupu, aibu isiyotaka kukaa kimya. Akapiga magoti mbele ya buti la kulia.

"Huo ni mzima," Bi Verna akasema. "Mwache, ana lori."

"Niliusemea na sikuuona."

"Binti, mzaha umekwisha," Mzee Sedlak akasema.

"Kwangu mimi bado, mzee."

Akafungua kamba tundu kwa tundu, polepole, kwa vidole vilevile vilivyomfukuzisha mjini. Buti lilipolegea, harufu ilitoka kabla ya mguu. Bi Verna alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Akakiachia.

Soksi ilikuwa imelowa na imegandia. Shelby aliilainisha kwa maji ya chumvi akaivuta kidogo kidogo, na kila ilipoachia hakutaka kuona kinachofuata. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na cha pili yake kinafuata njia hiyohiyo. Katikati ya unyayo palikuwa na tundu linalotoa usaha. Akatia mkono ndani ya buti, ukakutana na ncha ya chuma. Msumari wa seng'enge, umepenya soli na kukaa humo, na mzee wa watu amekuwa akiukanyaga kila siku akienda kwa ng'ombe wake.

Mzee Sedlak aliinama kutazama. "Nini hicho?"

"Hauumi?" Shelby akauliza.

"Hauumi."

"Hapa je?"

"Wapi?" akauliza mzee, na kidole cha Shelby kilikuwa pembeni kabisa ya kidonda. Hapo ndipo uso wa mzee ulipobadilika. Kisukari kilikuwa kimeutia mguu ganzi, na yeye alidhani kutouma ndiyo uzima.

Bi Verna alikuwa amejishikiza kwenye sinki, mweupe kama ukuta wa nyuma yake.

"Orrin," akasema, "mara ya mwisho niliukagua lini mguu huu?"

Mzee alifikiri kweli, hakuwa na nia ya kumuumiza. "Huu? Verna, wewe siku zote unaulizia buti la ule mwingine."

Bi Verna alikwenda kwenye simu, akaita gari la wagonjwa, kisha akampigia daktari wa upasuaji. Shelby alimsikia akieleza vizuri, kichwani mwake kila kitu kimepangwa, mpaka upande wa pili ulipouliza kidonda kina muda gani. "Sijui," Bi Verna akajibu. Akasikiliza. "Nimesema sijui, daktari. Mimi ndiye mwenye kumtibu, na sijui." Akasikiliza tena kwa muda mrefu. "Ndiyo. Mkiukata huu hana mwingine, ndio pekee alio nao."

Alipoweka simu chini alimwita Shelby ukumbini.

"Simama hapo kwenye mizani. Anza upya."

Shelby alianza utosini. Hakuruka kitu na hakuharakisha, na safari hii hakuna aliyekohoa.

"Miguu?"

"Wa kushoto haupo. Wa kulia vidole viwili vimekufa, kuna kidonda cha msumari chenye usaha, hana hisia mpaka juu ya kifundo. Mapigo nimeyatafuta juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Sikuyapata."

"Tena?"

"Nilikudanganya."

Bi Verna alivua miwani. "Leo hiihii nitawapigia chuoni. Nitawaambia ulichofanya, neno kwa neno. Wakikuondoa, wana haki. Halafu nitawaambia nilichofanya mimi kila vuli huku nacheka: mzaha kwa mguu wa bandia, na wa kweli sikuugusa. Wakiacha kuniletea watoto wa watu niwafundishe, wana haki zaidi."

Shelby alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kuombwa.

Kule chumbani Mzee Sedlak akaita. "Verna! Watu wa lori wananisubiri. Nivae mabuti?"

Bi Verna aligeukia ukuta. Ikabidi aingie Shelby, akae chini mbele yake palepale sakafuni, na kumwambia kuwa mguu huo nao huenda ukakatwa.