Babu Amelala

Mjukuu wangu namwita Kidoti, kwa alama nyeusi aliyo nayo shavuni. Ana miaka saba. Amezaliwa huko mbali aliko baba yake, mwanangu wa pekee, na lugha yetu hajui hata ya kuombea maji. Kila Jumapili saa nane mchana simu ikilia tunakuwa watatu: mimi huku, Kidoti kule, na mwanangu katikati kama mlango.

Na mlango wenyewe mbovu. Mimi naongea mpaka koo linakauka, yeye anamfasiria mtoto maneno mawili.

"Mbona umefupisha?"

"Mama, lugha ya huku ni fupi."

Mume wangu alipokuwa hai hakuhitaji mkalimani. Alikuwa akimwigia Kidoti jogoo kwenye simu, mtoto naye anawika, wanacheka wote wawili. Sasa ni mwaka na nusu tangu Mola amchukue. Mwanangu hakuja kuzika. Alinipa pole nyingi. Samahani sikupata hata moja.

Nikaanza kusikia kitu. Kila Kidoti alipouliza jambo na jina la babu likatajwa, baba yake alimjibu kwa neno moja, lile lile. Ningemuuliza, angenifupishia tena. Nikataka kulijua.

Kazi yangu ni kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Siku moja, ndani ya kapu la shuka za wodini, nikakuta kitabu cha kujifunzia lugha ile ile ya Kidoti, hakina jalada, kimelowa pembe. Nikakipeleka kwa muuguzi mkuu. Kikakaa kwake mwezi mzima, mwenyewe asitokee.

"Chukua, mama," akaniambia. "Utawashia jiko."

Mimi nimeishia darasa la saba, tena zamani. Nikafanya hivi: shuka moja hukunjwa mara nne, basi kila mkunjo natamka neno moja la kitabuni. Kwa shuka mia kwa siku, hata kichwa cha jiwe kitashika kitu. Dobi mwenzangu, mwanamke asiyejua kunyamaza, akanipachika jina.

"Profesa, shuka zimesemaje leo?"

"Zimesema upunguze sabuni na umbea."

"Zimeniweza! Lakini dada, kwa umri huu unasafiri kwenda wapi?"

"Mpaka sikioni kwa mtoto mmoja. Basi."

Nyumbani, baada ya sala ya alfajiri, nasoma kurasa mbili kwa sauti. Vikombe viwili kabatini, kimoja hakijalowa siku nyingi. Nasoma, nasubiri, na nyumba hainijibu kwa lugha yoyote.

Somo la tatu lina picha ya mtoto kitandani. Chini yake lipo neno la mwanangu. Nikalitamka, nikalitambua kama nilivyokuwa nikitambua hatua za mume wangu mlangoni. Maana yake: amelala.

Nikakaa chini. Mwaka na nusu mtoto anamuulizia babu yake, anaambiwa amelala. Atamwonaje babu wa namna hiyo, asiyeamka hata Jumapili moja?

Nikaapa nitamwambia mwenyewe. Lakini kitabu kile ni cha wasafiri, ndani yake hafi mtu. Nikapekua masomo ya hotelini, sokoni, kwa kinyozi. Mwisho nikalipata neno kwa fundi wa magari: betri imekufa. Nikaitoa betri, nikamweka mume wangu. Wiki nzima nikaikunja sentensi hiyo ndani ya shuka za watu.

Jumapili ikafika. Katikati ya mazungumzo mwanangu akasema, "Mama, subiri kidogo, kuna mtu anabisha hodi," akamwachia Kidoti simu.

Nikapiga bismillahi. Nikamwambia.

Kisha akauliza, nami nikaelewa: "Hajalala?"

"Hajalala," nikamjibu kwa lugha yake.

Akatamka neno la somo la kwanza, lile lenye picha ya mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu. Nisamehe.

Nikashtuka. "Umekosa nini, mjukuu wangu?" Ilinitoka kwa lugha yangu, ya kwao imenikimbia. Akalirudia, analia. Nikafungua kitabu, nisije nikawa nimemtwika mtoto dhambi isiyo yake. Chini ya picha pana maandishi madogo niliyoyaruka: neno hili hutumika pia kumpa mtu pole.

Kumbe wenzetu wana neno moja kwa yote mawili, samahani na pole. Nikamjibu asante, ya kwao.

Mwanangu akarudi. "Mama! Umemwambia nini huyu?"

"Nimemwambia babu yake hajalala."

"Kila Jumapili anamngoja awike," akasema. "Nilishindwa, mama." Kisha akalitamka neno lile la mwanawe, kwa lugha ya huko, akiniambia mimi niliyemfundisha kusema.

Sikumuuliza ni lipi kati ya mawili.

"Asante," nikamwambia. "Sasa mrudishie mtoto simu. Sijamaliza."