Kitu cha Kukalia Mtoto wa Marietha

Asubuhi ile Asnath alikuwa ameinama kwenye turubai la mitumba pale mnadani Ulemo, kichwa kimezama kwenye rundo la masweta. Alikuwa anatafuta la njano. Liwe limetoboka, liwe la mtu mnene kupita kiasi, yeye hakujali, maana hakutaka kulivaa. Alitaka kulifumua apate uzi, amfumie kofia na soksi mtoto wa dada yake.

Mtoto mwenyewe alikuwa hajamwona, habari za kuzaliwa kwake zilimfikia kwa simu ya jirani tu. Dada yake, Marietha, aliondoka kwenda Manyoni na mwanaume ambaye hakuja hata siku moja kujitambulisha nyumbani. Baba yao, mzee Yeremia, akasema binti huyo asikanyage tena kwake. Basi ikawa hivyo, na Krismasi iliyopita nyumba ilikuwa kimya mpaka wali ukakosa ladha. Mama yao alishafariki siku nyingi. Marietha ndiye aliyemlea Asnath, akamsuka, akamfundisha kufuma. Sasa Asnath alikuwa kidato cha pili, likizo imeanza, Krismasi iko wiki ijayo, na amejipangia: zawadi ikiwa nzuri kweli, dada atakuja mwenyewe kuifuata.

"Hili hapa!" Alilivuta sweta la njano kutoka chini kabisa, kisha akanyamaza. Kusema na muuzaji kulikuwa kunamshinda. Akamkanyaga kidogo mguu rafiki yake Stumai.

"Kaka Gasto," Stumai akadakia, "hili lina tundu kubwa hivi, unamuuzia nani?"

"Hilo sio tundu, hilo ni dirisha. Mzungu alikuwa anapitishia upepo."

"Basi tupunguzie ya dirisha."

"Na huyu mwenzako mbona hasemi? Bubu?"

"Anakuhurumia. Akianza kusema utafunga biashara."

Gasto alicheka mpaka akapunguza bei. Wasichana wale wakarudi kwao Kinampanda karibu wanakimbia, Asnath kalikumbatia sweta kama kabeba mtoto mwenyewe.

Walikaa uani, wakatafuta ncha. Asnath akavuta. Uzi ukaja kidogo, ukakatika. Akatafuta ncha nyingine, ikaja urefu wa mkono, ikakatika nayo.

"Unavuta kwa nguvu," Stumai akasema.

"Sivuti kwa nguvu."

Akaligeuza ndani nje, akaona tatizo. Masweta ambayo dada alimfundishia yalifumwa kipande kwa kipande, uzi mmoja unazunguka kutoka chini mpaka shingoni. Hili lilikuwa limekatwa kwa mkasi kama kitambaa, halafu likashonwa pembeni kwa cherehani. Kila mstari ulikuwa umekatwa huku na huku. Hata wakifumua mpaka jioni, watapata vipande tu.

"Tuviunge mafundo," Stumai akasema.

"Soksi yenye mafundo? Si itamchubua mtoto?"

Hawakumsikia mzee Yeremia akiingia na jembe begani.

"Shikamoo baba," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mbona mmelichana hilo?"

Asnath aliangalia chini. Stumai, ambaye hajawahi kuachia kimya kimshinde, akasema, "Ni zawadi ya Krismasi, baba. Ya mtoto wa dada Marietha."

Jina hilo lilikuwa halijatajwa pale uani tangu mvua za mwaka jana. Mzee alisimama kidogo, akaegemeza jembe ukutani, akazunguka nyuma ya nyumba.

"Umeniua," Asnath akanong'ona.

"Nimeshakuua, basi tulia."

Mara wakasikia nyundo. Ko, ko, ko. Ikanyamaza, ikaanza tena. Asnath alianza kukusanya vile vipande avifiche, na kabla hajamaliza baba alirudi kashika fremu ya mbao nne, gunia limewambwa juu yake na kukazwa kama ngoma.

"Nyuzi fupi zinataka gunia," akasema. "Unapitisha, unafunga, unapitisha, unafunga. Mama yenu alikuwa anatengeneza hivi mazulia ya kukanyagia." Akakohoa. "Mtoto anakaa?"

"Sijui, baba. Ana miezi sita."

"Basi anakaa. Atakalia hii."

Akaingia ndani, akatoka na sweta lake la kijani, lile analovaa kanisani wakati wa baridi, akalitupa mapajani kwa Asnath. "Njano tupu itachafuka," akasema, akaenda kuangalia ng'ombe.

Wasichana wakatazamana. Halafu wakaanza kucheka, wakazibana midomo, wakacheka tena. Kazi ikashika moto. Asnath akachora kifaranga kwa mkaa juu ya gunia, akapitisha uzi kwa sindano ya kufumia, akafunga, akapitisha. Manjano yakaanza kuota kwenye gunia, manene, laini, mtu unatamani kulalia shavu.

"Kifaranga chako kina miguu mitatu," Stumai akasema.

"Huo ni mkia."

"Mkia gani unakanyaga chini?"

Kufika saa kumi kifaranga kilikuwa kimeshapata jicho. Asnath hakuweza kungoja tena. Alikimbia kwa mwalimu Damari, jirani mwenye simu ya mkononi, akamwomba kwa sauti ya kujikaza mpaka mwalimu akashangaa kumsikia. Wakapanda wote kwenye lile jiwe kubwa ambapo mtandao unashika. Mwalimu akampa simu aandike mwenyewe, na vidole vyake havikuwa na aibu hata kidogo:

"Dada ni mimi Asnath. Tumemtengenezea mtoto kitu cha kukalia. Baba kakaza fremu kwa mkono wake na katoa sweta lake la kijani. Hajasema uje ila kauliza kama mtoto anakaa. Njoo Krismasi dada. Mlete tumwone."

Akabonyeza. Ujumbe umetumwa, simu ikasema. Walisubiri juu ya jiwe mpaka mbuzi wa watu wakaanza kurudi zizini. Simu haikulia.

"Nitapanda tena kesho asubuhi, jibu likiwepo nakuja mbio," mwalimu akasema.

Nyumbani, Stumai alikuwa ameshaondoka. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya fremu, anajaribu kupitisha uzi wa kijani kwa vidole vyake vinene.

"Stumai kasema umemwandikia."

"Ndiyo, baba."

"Amesemaje?"

"Bado hajajibu."

Mzee alifunga fundo, akalikaza, akalitazama.

"Labda simu haina chaji," akasema. "Manyoni huko umeme unakatika sana."