Hakuna Anayejibu Akiwa Amekaa

Mwalimu Ignas alikuwa amepewa siku tisa za kuthibitisha kwamba wanateolojia wa Morogoro wana mkondo wao wa fikra, na kufikia siku ya sita alichokuwa amethibitisha ni viburi vyao tu. Alikuwa amechoshwa nao mpaka chakula hakipiti.

Barua ya wakubwa wa Kanisa ilikuwa fupi na kavu. Vyuo vidogo vya makatekista vimezidi, walisema, na mwaka ule wa 1975 kila kitu nchini kilikuwa kinakusanywa pamoja, watu, nyumba na mashamba. Kwa nini vyuo vibaki vimetapakaa? Chuo cha Morogoro kingeunganishwa na kile kikubwa cha mbali, isipokuwa kama kingeonyesha kwamba mjini hapa kuna namna ya kuwaza mambo ya Mungu isiyopatikana kwingine. Uthibitisho uwe wa maandishi, na wanateolojia wenyewe watie saini. Kamati ingefika Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Ignas alikuwa mtu wa Bukoba, mlei, na alikuwa na miaka kumi na mmoja chuoni pale. Alijua fika kitakachotokea mlango ukifungwa. Makatekista wa milimani, wenye wake na watoto na migomba ya kupalilia, wasingesafiri siku mbili kwenda kusoma ugenini. Wangeacha tu, na wazee kule juu wangezikwa bila mtu wa kuwasomea sala. Na yeye angerudishwa shule ya msingi kufundisha jiografia. Hilo la mwisho lilimuuma kuliko alivyopenda kukiri.

Wanateolojia wenyewe sasa! Walikuwa wawili, maana wengine walikuwa wapita njia. Padre Anselmi, mzee wa Matombo, alikuwa amesoma Roma na hakukubali mtu asahau. Kwake yeye jambo lolote la baada ya karne ya tano lilikuwa ama uzushi ama haraka. Padre Agustino, ambaye umri haujamwelemea, alivaa kaunda suti na kusoma Matendo ya Mitume kana kwamba yametoka ofisi ya chama. Walikuwa hawajasalimiana tangu watu waanze kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Agustino alisema Injili sasa imepata miguu. Anselmi alisema Injili haijawahi kubomoa nyumba ya mtu. Toka siku hiyo mmoja akiingia maktaba, mwenzake anatoka.

Siku tano mfululizo Ignas aliwahoji, huyu asubuhi, yule jioni. Neema, hawakubaliani. Ubatizo, hawakubaliani. Alipomuuliza Anselmi wana nini cha pamoja na mwenzake, aliambiwa wana paa. Agustino naye alijibu hivyohivyo, akaongeza kuwa linavuja. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi yenyewe ilikuwa na barua ya kujibu.

Siku hiyo ya sita akaingia Mama Yuliana, mjane wa Mlali, na mkungu wa ndizi kichwani. Ignas alimwamkia shikamoo bila moyo, akamwambia mapadre wote hawapo. Mama akasema si kitu, atangoja, ndizi zenyewe ni zao wote wawili, nusu kwa nusu. Hapo Ignas akainua kichwa. Mtu wa kuwashukuru wale wawili kwa pamoja alikuwa hajamwona bado.

Mama akaeleza. Yeye na dada yake walikuwa wameshushwa kutoka mlimani na kuwekwa kijiji cha ujamaa Mlali, kaburi la mama yao likabaki juu. Akawa anajiuliza: akipanda kulifyekea na kumwaga unga kama mama alivyomfundisha, ni dhambi au si dhambi? Akampelekea Padre Anselmi swali hilo. Padre hakujibu. Aliuliza mjomba wake ni nani, akavaa viatu vya kutembelea, wakapanda tangu alfajiri na huyo mjomba, Mzee Athumani, ambaye ni Mwislamu. Walikaa kaburini mpaka jua likapinda. Ni wakati wa kushuka ndipo padre aliposema: fyeka, sali, na huo unga uwapikie majirani zako wapya wa Mlali, kwani ndio watoto wengine aliokuachia mama.

"Dada yangu hakuridhika," alisema Mama Yuliana. "Akaenda kwa Padre Agustino."

"Naye akasemaje?"

"Akauliza mjomba ni nani. Tukapanda tena, na magoti ya Mzee Athumani yalivyo. Akatuambia yaleyale, unga na majirani. Hata shehe wa mjomba alipoulizwa, alipanda kwanza." Akamtazama Ignas kama mtu aliyeulizwa kama maji hulowesha. "Kwani kuna anayejibu akiwa amekaa?"

Ignas hakungoja hata mama amalize kunywa maji. Alikwenda mabwenini kuwauliza makatekista, na kila mmoja alikuwa na safari yake ya kusimulia: padre huyu alipanda Kinole kwa ajili ya mahari, padre yule alipanda kwa ajili ya shamba lililoachwa na marehemu. Loo, kumbe jambo lilikuwa mbele ya macho yake miaka kumi na mmoja! Alijifungia siku mbili na taipureta. Huu ndio mkondo wa Morogoro, aliandika: hapa swali la imani halijibiwi mpaka mwenye kuulizwa afike mahali lilipozaliwa, na amsikilize mwenye haki ya kulisemea. Zilitoka kurasa kumi na mbili, na hakuwahi kuandika vizuri namna ile.

Jumatano mchana aliwakalisha mapadre wote wawili chumba kimoja, wa kwanza kufanya hivyo kwa mwaka mzima, akawapa karatasi na kalamu. Anselmi alisoma polepole hadi ukurasa wa nne, akaweka kidole.

"Umeandika kaburi liko kwenye ardhi ya ukoo wa baba yake Yuliana. Nani kakwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Kwao Bukoba ardhi ni ya upande wa baba, wala hakuona la kuuliza. Agustino akainama kutazama, akafyonza. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hii, ardhi ile ni ya ukoo wa mama, alisema, na ndiyo sababu anatafutwa mjomba. Ukikosea hapo, kurasa zote kumi na mbili zimepinda. Ignas akasema atafuta neno moja, dakika mbili tu.

"Neno utafuta," alisema Anselmi. "Mahali umepaona? Mzee Athumani umemsikiliza?"

Mapadre wakatazamana, na Agustino akasema waondoke alfajiri, wote watatu. Ijumaa jioni watakuwa wamerudi, watie saini. Anselmi akaitikia kwa kichwa. Kamati ni kesho saa tatu, Ignas aliwakumbusha. Aliwasihi, kisha akawafokea, akawaambia wanakiua chuo kwa mikono yao.

"Hatuwezi kusema jambo la kaburi la watu tukiwa tumekaa hapa, mwalimu," alisema Anselmi, bila hasira. "Kwani wewe umeandika nini?"

Alfajiri walimngoja getini, hakwenda, wakaondoka wenyewe. Saa tatu Ignas alisimama peke yake mbele ya wajumbe watano. Mwenyekiti aliuliza saini ziko wapi. Akamwambia wenyewe wamepanda mlimani, pamoja, kuhakiki.

"Basi wana mashaka na ulichoandika."

Akisema ndiyo ni uongo, akisema sivyo ni uongo vilevile. "Wanakubali," alisema, "ndiyo maana hawakutia saini." Mjumbe mmoja akakohoa. Ignas akaendelea, akawaomba na wao wapande, ni safari ya siku mbili tu, wakaone kabla ya kuamua. Alijua kuwa anaongea kama mtu aliyechanganyikiwa.

Mwenyekiti alitazama saa yake. Akasema kwa upole kwamba gari linatakiwa Dodoma jioni, na kwamba swali lenyewe si gumu, linajibika hapohapo. Akavuta karatasi, na bila kuinuka kitini akaandika mstari mmoja: mkondo haupo, chuo kiunganishwe.