Shimo la Bonifasia

Muhogo uliolowa sawasawa hauvunjiki. Unasagika kidoleni kama chaki iliyonyeshewa, nyuzi zikabaki mkononi. Nilichukua kipande kilichoanikwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba ya Bonifasia, nikakikunja, kikalia ko. Nikakigusa kwa ncha ya ulimi. Uchungu ulinipanda mpaka sikioni.

Nikakitia mfukoni na kukimbia kurudi uani. Mwanangu alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, akitapika. Pembeni yake Verediana, binti wa Bonifasia, alikuwa akitapika vilevile. Nusu ya kijiji ilikuwa imesimama pale, na haikuwa ikiwatazama watoto. Ilikuwa ikinitazama mimi.

Ulikuwa mwaka ambao kampuni za watu binafsi zilianza kupanda Mbinga kununua kahawa. Mume wangu, Izidori, hakutaka kutoka nyumbani msimu ule, asije akapita mnunuzi mwenye bei nzuri yeye hayupo. Mama mkwe alikuwa hajiwezi, shule zilikuwa zimefungwa. Kwa hiyo niliposhuka ziwani kikazi nilimpakia Jacqueline, miaka sita, kwenye pikipiki ya mradi. Majirani walisema mtoto wa mlimani hapelekwi kwenye mbu. Niliwajibu kwamba hao mbu ndio ninaokwenda kuwaua.

Dawa yenyewe haikuwa sumu ya kupulizia ukutani kama ile ya zamani. Ilikuwa bakteria. Wataalamu walikuta viluwiluwi vya mbu vimejifia dimbwini, wakavichunguza, wakaona vimeuawa na ugonjwa wao wenyewe, wa ukoo wa mbu. Wakauzalisha ugonjwa huo na kuukausha ukawa unga. Ukinyunyiza kwenye maji yaliyotuama, kiluwiluwi kinakula, utumbo wake unaharibika, kinakufa kabla hakijaota mbawa. Samaki hadhuriki, mtu hadhuriki. Niliupenda unga ule. Nilikuwa nimechoka kwenda kwenye misiba ya watoto wa malaria, na kuwaona watu wazima wa mwambao wakiburuta miguu ya matende.

Kwenye mkutano wa kijiji nilieleza kwa Kiswahili cha ofisini kwamba tutamwaga majini wadudu wadogo wasioonekana, na kwamba hao watavimaliza viluwiluwi. Wanaume waliuliza kama usipa, dagaa wao wa ziwani, watakufa. Nikasema hapana. Wanawake hawakuuliza kitu. Walinong'onezana Kinyasa, ambacho mimi, Mmatengo wa mlimani, nilikuwa nakisikia nusunusu. Mchana huohuo nikanyunyiza majaruba ya mpunga, mashimo ya matofali, na yale mashimo ya kando ya kijito ambamo kila mwanamke huloweka mihogo yake michungu ili sumu itoke. Maji yake ni meusi, yananuka, na viluwiluwi humo vimejaa kama ufuta. Katika mazalia yote ya kijiji, hayo yalikuwa mabaya kuliko yote.

Siku chache baadaye watoto wetu walikula ugali sahani moja, kwa Bonifasia.

Mwenyekiti wa kijiji, Pankras, alikuwa ameshika usukani wa pikipiki kwa mikono yote miwili.

"Dawa yako imewapata watoto, bibi afya. Hutoki hapa mpaka polisi waje."

"Mmoja wa hao watoto ni wangu, mwenyekiti."

"Ndiyo maana najua hukukusudia," akasema, bila kuachia.

Nilikuwa na diploma, na diploma ilisema haiwezekani. Lakini mtoto akishaanza kutapika miguuni pako, diploma inakaa mbali sana. Kabla sijakwenda nyuma ya nyumba kukivunja kile kipande, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuushtaki unga wangu. Sasa nilijua ni muhogo usiolowa, na nilikuwa na ushahidi mfukoni. Ningeweza kuutoa mbele ya watu wote. Ila hapo mabishano yangeanza, na watoto hawakuwa na muda wa mabishano.

Bonifasia ndiye aliyemaliza. Alimbeba Verediana, akapanda nyuma ya pikipiki, akamwambia Pankras polepole, "Mwenyekiti, kama unataka kushika kitu, shika jembe ukachimbe kaburi. Kama hutaki, achia."

Akaachia.

Jacqueline nilimfunga kifuani kwa kitenge. Verediana alikaa katikati yetu, mama yake akamkumbatia yeye na mimi pamoja. Njia ya kwenda hospitali ya misheni ilikuwa mchanga mtupu, gurudumu la nyuma likiyumba kama mlevi. Jacqueline alitapika mpaka tulipopita miembe ya kwanza, kisha akanyamaza. Niliogopa zaidi aliponyamaza. Baadaye akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta kiatu, "Mama, miguu yangu iko wapi?"

Nilimwambia ipo. Nikaongeza mwendo.

"Mihogo uliitoa lini shimoni?" nilimuuliza Bonifasia juu ya mlio wa injini. Nikauliza tena. Niliihisi mikono yake ikikaza tumboni kwangu, basi.

Kwenye kivuko cha kijito injini ilizimika katikati ya maji. Ukawa ukimya, na pumzi za watoto, fupi fupi. Sikuuliza. Nilikuwa nikipiga kiki.

"Ulipoondoka tu siku ile," alisema mgongoni kwangu. "Ilikuwa bado migumu. Tulitoa wote."

"Wote nani?"

"Wanawake wote. Wengine wanatwanga leo."

Injini ikashika.

Sista Hildegardi, muuguzi wa zamu, alipowaona alikwenda moja kwa moja kwenye kwinini. Mtoto wa mlimani, kulegea, kutapika. Kwa ziwani hiyo ni malaria mpaka ithibitike vingine. Nikamwambia hawana homa, wameanza pamoja, wamekula chungu kimoja. Nikampa kile kipande. Alikivunja, akakinusa, akaweka sindano chini. Watoto wakaoshwa matumbo kwa mpira, wakatundikiwa dripu. Hakutuahidi kitu. Alisema tukae, tuwaangalie kifua, kikisita tumwite.

Kitanda kilikuwa kimoja, watoto wamelazwa mzungu wa nne. Tulisimama kila mmoja upande wake.

"Sasa nenda ukawaambie wenzako wasipike," nilisema.

Alinitazama. Alijua nilichomwagiza. Aende akasimame mbele ya Pankras na kijiji kizima, aseme ni yeye aliyemlisha mwanawe sumu, na mtoto wa mgeni juu.

"Nikirudi nikute mwanangu amekufa?"

"Ukibaki watakufa wa wenzako. Huyu namwangalia mimi."

Nilisema hivyohivyo, bila kulainisha. Akamfunika Verediana miguu, akafika mlangoni, akageuka.

"Ulisema unamwaga wadudu kwenye maji," akasema. "Yale maji wewe unayaita mazalia. Mimi ni chungu changu. Nani anamwaga wadudu kwenye chungu cha mwenzake bila hodi?"

"Na mbu wanaozaliwa ndani ya chungu chako, nao walipiga hodi?"

Hakucheka, na mimi sikucheka. Aliondoka kwa miguu, akipita ufukweni kufupisha njia.

Nilishinda nimeweka kiganja kimoja kwenye kifua cha Jacqueline na kingine cha Verediana. Sikujua nisali ya nani kwanza. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa Jacqueline alipoivuta miguu yake na kuilalamikia kwamba inawasha. Verediana alichelewa. Bonifasia aliporudi, vumbi mpaka magotini, binti yake alikuwa ameomba maji. Mama alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye ubao wa kitanda.

Kijijini hakuna aliyekufa. Walimsikia. Mihogo ya siku ile ilimwagwa ziwani.

Niliporudi na unga, baada ya mvua za kwanza, nikiwa na Jacqueline tena, Pankras aliniita mbele ya wanawake. Bonifasia alisema kwa niaba yao: shimo lake nitalinyunyiza, lakini mihogo itakayolowekwa humo niimenye mwenyewe, niiloweke mwenyewe, tuingoje mpaka ilainike, na tuile pamoja. Nikakubali. Nilimenya. Vidole vilinuka wiki nzima. Viluwiluwi vilikufa, vikaelea juu ya mihogo yangu kama pumba.

Siku ya kula, Bonifasia alisonga ugali yeye. Nilidhani tungekula wawili. Akaiweka sahani mkekani, mbele ya Verediana na Jacqueline, akakaa pembeni, akanitazama.

Nilijua kila kitu nilichotakiwa kujua. Nilikuwa nimeuonja muhogo ule mbichi, mkavu na uliotwangwa. Hata hivyo mkono wangu ulikuwa umeshamfikia Jacqueline begani, na sikumbuki kuutuma.

Bonifasia aliuona. Mkono wake mwenyewe ulikuwa mgongoni kwa Verediana.

Watoto walikuwa na njaa. Walinawa, wakamega. Sisi hatukumega. Tulikaa tukiwatazama wakitafuna, mpaka Jacqueline alipoinua uso na kuuliza kama mchuzi wa usipa umebaki.