Saini ya Inshirah

Jumanne, saa tatu asubuhi, Inshirah alikuwa jikoni akichambua mlenda kwenye sinia, saini yake ilipoingia kwa kupita chini ya mlango. Aliitambua mara moja. Ilikuwa ile ya miaka kumi na sita iliyopita, yenye mkia mrefu wa madaha, na nukta zake tatu za herufi shini zikiifuata nyuma kama vifaranga.

"Karibu," alisema. "Jifute wino kwanza."

Ilikuwa imetoka kwenye faili la mahakama ya kazi ya Mahalla, mji wa viwanda Misri. Siku Inshirah alipoajiriwa katika kiwanda cha mashati, aliwekewa karatasi mbili mezani: mkataba, na barua ya kujiuzulu isiyo na tarehe. Alizitia saini zote kwa kalamu moja, kama kila mtu, akapewa chai. Machi mwaka huu aliomba choo cha wanawake kisifungwe kwa kufuli mpaka adhuhuri. Meneja akavuta droo, akaitoa ile barua, akajaza tarehe. Inshirah akaenda mahakamani kudai arudishwe kwenye cherehani yake.

"Nimechoka kusema uongo," saini ilisema, ikijinyoosha ukingoni mwa sinia. "Halafu mama, ule mkia ulikuwa wa nini?"

"Nilikuwa bibi harusi."

Siku ya kesi, wakili wake, Ustadhi Wagdi, aliipeleka ndani ya kibweta cha miwani. Hakimu aliiuliza ilizaliwa lini. Ikajibu kwamba ilizaliwa siku moja na saini ya mkataba, dakika moja baadaye, kabla ya chai. Karani akaandika, akauliza kama chai ilikuwa na sukari.

Wakili wa kiwanda akainuka taratibu. "Mheshimiwa, shahidi huyu ni wa nani?"

"Wa Inshirah," saini ikasema, maana haikujua kuficha.

"Basi ni jamaa wa mdai, atampendelea. Na kwa kuwa amekiri ni wa Inshirah, barua nayo ni ya Inshirah."

Hakimu alikunywa nusu glasi ya maji, akaona hoja zote mbili zina uzito. Kesi ikatupwa. Saini ikaamriwa irudi kwenye barua. Ikasema kesho, inshallah, jibu ililolizoea humo ndani ya faili, kisha ikarudi nyumbani na Inshirah.

Wiki iliyofuata Rawya, binti wa jirani, alipita akitoka kiwandani. Alikuwa amepata kazi, kwenye cherehani ileile. Dole gumba lake lilikuwa la buluu kwa wino.

"Karatasi mbili, mama mdogo," alisema. "Saini hawazitaki tena. Wanasema zinatoroka."

"Na moja haina tarehe?"

"Haina. Lakini chai yao nzuri."

Inshirah akamsogezea sinia wamalizie kuchambua mlenda. Saini ililitazama lile dole kwa muda, ikaziita nukta zake, ikajibana kando, ikaacha nafasi ya mgeni mmoja wa buluu.