Wenye Mawe

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Gladness, afisa mazingira wa wilaya, alisimama mbele ya mkutano wa kijiji, akaonyesha mawe makubwa yaliyorundikana kando ya ziwa, akauliza kama mle ndani wanaishi wanyama. Kampuni ilitaka kuchimba dhahabu pale. Kama ni mazalia ya wanyama, kibali kingetoka kwa sharti la kusogeza shimo. Kama hapana kitu, baruti ianze kazi. Watu walitazamana, kisha wakajibu kwamba hakuna mnyama. Nathaniel, mtaalamu wa kampuni, akatabasamu kama mtu aliyeletewa pilau bila kuagiza.

Gladness hakuridhika. Ni Mhaya wa Bukoba, na Kisukuma chake ni cha kuombea maji, lakini macho hayana pazia. Aliona mbuzi wa kijiji kizima wakichungwa upande mwingine, ingawa majani mabichi yalikuwa palepale kwenye mawe. Aliona wanawake wanaotoka ziwani wakifika pale wanashusha sauti na kupiga goti kidogo, ndoo zikiwa kichwani. Sasa nani anapigia goti mawe matupu?

Akarudi peke yake, akaenda kwa Odeta, bibi mjane ambaye shamba lake la mihogo linapakana na mawe hayo. Alimwamkia shikamoo, akapewa kigoda, wakaongea habari za mvua mpaka zikaisha. Ndipo akauliza kwa nini watu walisema vile.

"Wewe uliuliza wanyama," Odeta akasema. "Mnyama ni wa kufukuzwa au wa kuliwa. Wale ni wenyeji. Sisi tuliwakuta."

Gladness akakumbuka gamba refu la nyoka aliloliona limevuliwa juu ya mawe. Chatu. Kwao pia nyoka akitajwa usiku huitwa kamba, kwa hiyo mambo ya kutotaja hayakuwa mageni kwake. Kumbe kijiji hakikudanganya hata kidogo. Yeye ndiye aliyewajia na neno la ofisini. Akamsihi bibi aje mbele ya kamati ya kibali awataje kwa jina na aonyeshe wanapotagia.

Odeta alikataa. Akakataa tena Gladness aliporudi na sukari. Alisema mwenyeji hatajwi mbele ya wageni, maana ukimtaja umemfungulia mlango, na mlango ukishafunguliwa hakuna aliye salama, si yeye wala aliyemtaja. Gladness alisikiliza kwa adabu zote, huku moyoni akisema ni imani za kizamani. Hapo ndipo alipokosea. Hakuna mtu mwenye akili anayefungua kibindo chake katikati ya soko, na huo si ushirikina.

Mwishowe alimshinda bibi kwa sentensi moja. "Bibi, usiposema, watalipuliwa humohumo ndani."

Kamati ilikaa chini ya turubai, wajumbe kutoka mjini na kijiji kizima. Odeta alisimama, akasema ni chatu, wako wengi, na wanatagia katika pango la upande wa ziwa. Watu wakainamisha vichwa. Mama mmoja akamziba mwanawe masikio. Safari hii Nathaniel hakutabasamu. Aliuliza kwa upole mkubwa ni pango lipi hasa, na bibi, kwa kuwa maji alikwisha kuyavulia nguo, akanyoosha kidole. Mwenyekiti wa kamati akasema watakuja kuhakiki Jumatatu, na mpaka hapo kibali hakitoki. Gladness alifurahi hata akawanunulia watu soda. Walikunywa haraka, wakatawanyika.

Jumatatu walipokelewa na harufu. Mlango wa pango ulikuwa mweusi kwa masizi, na pembeni yametupwa madumu ya petroli ambayo hakuna aliyekiri kuyajua. Ndani walimkuta chatu mkubwa amejiviringisha juu ya mayai yake. Wengine walikuwa wamekimbia; yeye moto ulimkuta hapo na hakuyaacha. Nathaniel alisikitika kwa maneno mazuri, halafu akakumbusha kwamba kilichokuwa kikizuia shimo sasa hakipo.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alimvuta Gladness kando, akamwambia kwamba bado yapo matete ya ghuba nzima, na shimo litayafikia. Kama humo kuna kiumbe kingine cha kulindwa, atajiwe sasa hivi, kabla hajaweka saini.

Gladness alikwenda mbio hadi kwa Odeta. Alimkuta ameketi mlangoni na majirani zake, mafiga baridi, kama watu waliofiwa. Akapiga magoti mavumbini, akaomba msamaha, akaeleza yote aliyoambiwa, kisha akauliza kama kwenye matete kuna wenyeji wengine.

Odeta alimwangalia, na usoni pake hapakuwa na hasira, jambo lililomtisha Gladness kuliko matusi.

"Wapo, mwanangu," akasema. "Lakini wewe hatukwambii."