Sauti Baada ya Kuzima Injini

Gari letu lilianza kulia baada ya kuzimwa. Sisemi likiwa linawaka. Likiwaka lilinguruma kama dizeli zote zinavyonguruma, na hilo sina ugomvi nalo. Nasema ukishazima, ukachomoa ufunguo, ukashusha mguu chini, huko mbele chini ya boneti kitu kinaanza: ziiii, halafu tak-tak-tak, halafu ziiii tena, kisha kimya. Nilimwambia mume wangu.

"Hamna kitu," akasema.

"Kipo. Sikiliza."

Akainamisha kichwa, akakunja uso, akaweka kiganja juu ya boneti. "Hamna kitu, Mwalimu. Injini imetulia."

Mume wangu alikuwa fundi mitambo. Maisha yake ya kazi yote yaliishia kwenye chumba cha majenereta cha kiwanda cha nguo, na mpaka leo watu wanamwita Mzee Jenereta. Akigusa mashine kwa mkono anakwambia beringi ipi imechoka. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mtoto akimenya peremende dawati la mwisho, mimi nikiwa naandika ubaoni, namtaja kwa jina bila kugeuka. Kwa hiyo kwa mitambo yeye ndiye mjuzi, na kwa vijisauti, wacha nijisifu, hakuna wa kunifikia. Lakini nani anamuuliza mwalimu wa darasa la kwanza habari za dizeli?

Gari lenyewe zamani lilikuwa la kusambaza mikate. Alilinunua alipostaafu akaligeuza nyumba: kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki ya kunawia, kabati ambalo mlango wake unafunguka wenyewe kwenye kona. Mapazia nilishona mimi. Mpango wetu ulikuwa tuondoke bila mpango, tuwazungukie watoto, tuone milima na maziwa tuliyoyaona kwenye kalenda tu. Tuliuzungumza mpango huo kwa miaka, tena mbele za watu, mpaka shemeji zangu wakawa wanatucheka.

Halafu mume wangu akaniacha akiwa bado yumo ndani ya nyumba. Sijui niseme vipi. Unamsimulia jambo, anaitikia "mh". Unafika pa kuchekesha, hacheki. Unamtuma chumvi, anasema "sawa", anabaki amekaa. Nikasema huyu mtu ametia pamba masikioni, amenichoka, hana tu ujasiri wa kusema. Siku moja nilikuwa naosha vyombo, yeye yuko mezani nyuma yangu. Swali lilikuwa linanitia aibu, kwa hiyo sikugeuka.

"Baba," nikasema taratibu, "niambie ukweli. Ungependa kusafiri peke yako, mimi nibaki?"

"Ndiyo," akasema. "Itakuwa vizuri."

Nikamaliza sahani. Nikafuta sinki. Sikulia, mikono ilikuwa na sabuni. Kesho yake nikampigia mdogo wangu, ambaye anaishi peke yake tangu alipofiwa, nikamwambia anisafishie chumba cha nyuma. Gari likipona, shemeji yake ataanza safari yake na mimi nitaanza yangu.

"Kwa nini usubiri gari lipone?" mdogo wangu akauliza.

"Kwa sababu ameniudhi, hajaniua. Simwachi mtu aende mbali na gari linalolia."

"Dada, wewe una matatizo," akasema, na hapo alikuwa na haki yake.

Fundi nilimtafuta mwenyewe. Ni mama wa makamo, mrefu, mikono mipana, na mtaa mzima unamwita Taratibu kwa sababu hana haraka hata ya kupiga chafya. Gereji yake iko nyuma ya duka la matairi: sakafu ya saruji iliyokunywa oili, paa la bati, na kompresa ya jirani inayowaka pale unapotaka kusema neno la maana. Nikamweleza sauti. Nikamwigia: ziiii, tak-tak-tak. Hakucheka. Akasema, "Ni kitu cha umeme kinachobaki kinafanya kazi injini ikishazimwa. Inaweza kuwa feni, inaweza kuwa pampu ya maji, inaweza kuwa vali ya moshi. Tutachomoa fyuzi moja moja. Ikikata, ndiyo hiyo."

Kazi rahisi. Shida ni kwamba mume wangu, alipokuwa anajenga kitanda, alihamisha sanduku la fyuzi kutoka mbele akaliweka nyuma kabisa, chini ya godoro. Alisema ni usalama. Kwa hiyo fundi alitakiwa kujilaza chini ya kitanda, asione wala asisikie ya mbele, na mtu mwingine asimame kwenye boneti amwambie. Walikubaliana hivi: mzee anazima gari, anakuja mbele, fundi anachomoa fyuzi na kugonga bodi kwa bisibisi, mzee anapiga kelele "imekata" au "bado".

"Nisimame mimi," nikasema.

"Mama, mzee mwenyewe si fundi mitambo?" akasema Taratibu. "Wewe pumzika."

Nikapumzishwa kwenye benchi la nje na soda mkononi, kama mtoto aliyeletwa na mgeni. Kompresa ilikuwa inapiga, sikusikia chochote. Mume wangu akaweka kiganja juu ya boneti. Bodi ikagongwa. "Bado!" akasema. Ikagongwa tena. "Imekata! Hiyo hiyo!" Ilikuwa fyuzi ya feni. Wakabadilisha feni.

Tukarudi nyumbani. Akazima gari. Ziiii, tak-tak-tak, ziiii.

"Umesikia raha yake?" akasema. "Kimya kabisa."

Nilimtazama. Nikajiambia sikio la kufa halisikii dawa, nikaingia ndani kupika. Lakini neno lile lilinikaa moyoni. Mtu anaweza kunichoka mimi, lakini kwa nini aichukie feni isiyo na kosa? Hana faida yoyote kusema uongo kuhusu feni.

Tuliporudi gereji sikukaa kwenye benchi. Nilisimama mbele, pembeni yake, na mtu wa matairi nilimwomba azime kompresa kidogo. Alinitazama uso akazima bila maswali. Mume wangu akazima injini, akaja, akaweka kiganja. Sauti ikaanza, wazi kama mbu kwenye chandarua: ziiii. Bodi ikagongwa.

"Imekata!" akasema mume wangu, na ziiii inaendelea.

"Hiyo ni ya pampu ya maji!" fundi akajibu kutoka chini ya godoro. "Tujaribu na nyingine tuhakikishe!"

Wakawasha, wakazima. Ziiii. Bodi ikagongwa, na safari hii sauti ikakatika katikati kama mtu aliyezibwa mdomo. Kimya. Ningeweza kusikia oili ikishuka.

"Bado inalia!" akasema mume wangu.

Alikuwa anabahatisha. Na hakuwa anasikiliza kabisa. Alikuwa ameinamisha macho kwenye kiganja chake, anangoja mtikisiko ule wa bisibisi upite kwenye bati umfikie vidoleni ndipo aseme neno. Nikazunguka nikasimama nyuma yake, karibu, na kwa sauti yangu ya kila siku nikasema, "Baba, kuna nyuki kwenye kola yako."

Mume wangu anaogopa nyuki kuliko anavyoogopa madeni. Hakutikisika.

Nikasogea hatua moja. "Baba, nimeamua kuhamia kwa mdogo wangu. Sitakwenda na wewe."

Hapo, labda kwa pumzi yangu shingoni, alijua kuna mtu anasema. Hakugeuka. Akaitikia kwa kichwa kwa upole, na sauti ilikuwa ileile ya jikoni.

"Ndiyo," akasema. "Itakuwa vizuri."

Loh! Miezi yote ile nimelala nikikodolea dari macho, nimemchambua, nimemhukumu, nimemfungia mizigo moyoni, na yule mtu hajawahi kulisikia swali.

Taratibu akatoka, akajipangusa magoti. Nikamwambia ni hii ya mwisho, si pampu. Akaniangalia, akamwangalia mzee, akasema, "Hii ya mwisho ni vali ya moshi," na hakuuliza zaidi. Mafundi wazuri wana adabu hiyo. Akafungua boneti akaenda kwa spana, bolti moja baada ya nyingine, kwa mwendo wake ule, mpaka vali ikatoka. Ilikuwa na ukubwa wa ngumi, nyeusi tii, imejaa masizi.

"Hii kazi yake ni kurudisha moshi kiasi ndani ya injini uchomwe tena, usichafue hewa," alinieleza mimi. "Ina mota ndogo. Kila ukizima gari, inajifungua na kujifunga yenyewe kukwangua masizi. Ikiwa nzima unasikia kidogo tu. Hii inakwamakwama, na gia yake imelika, ndiyo maana inasaga. Ikikwama wazi mko mlimani, gari linakosa nguvu na moshi unawafunika. Mngelala njiani."

Mume wangu aliichukua. Akafungua kifuniko cha plastiki, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya gia. Akapitisha tena. Kidole hicho hakijawahi kumdanganya.

"Hii ingelia," akasema polepole. "Hii lazima ilikuwa inalia." Kisha akainua macho, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeshikwa.

Nikasimama mbele yake, mahali anapouona mdomo wangu. "Husikii," nikasema.

"Nasikia."

"Baba."

"Nasikia vitu vizito. Mlango. Lori." Akaigeuza vali mkononi. "Majenereta yalianza kunila zamani. Lakini wewe nilikuwa nakusikia. Ulikuwa na ile sauti ya darasani. Ulipostaafu ukaishusha."

Ni kweli. Siku niliyokabidhi chaki niliapa sitapaza sauti tena kwa kiumbe chochote. Nilidhani ni zawadi kwetu sote wawili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza kuendesha. Na usingekosea. Nikasema wacha kwanza tufanye safari, halafu nitakwambia. Nilikuahidi safari."

Taratibu alirudi chini ya kitanda. Hakukuwa na kazi yoyote huko, lakini alirudi na alikaa.

"Na usiposikia unajibu nini?"

"Nasema ndiyo. Nikiona ni maneno marefu naongeza itakuwa vizuri." Akafikiri. "Watu wengi wanaridhika."

"Ebo! Kuna siku nilikuuliza jambo jikoni. Nilikuwa nimekupa mgongo."

"Jambo gani?"

Nilitaka kumwambia ni mambo ya chumvi tu. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo tulivyofundishwa, na ningeweza kwenda nalo kaburini. Lakini nimechoka na vitu vinavyolia chinichini. Nikamsomea neno kwa neno, kama ninavyowasomea watoto herufi, kila moja na mdomo wake.

"Nilikuuliza kama ungependa kusafiri peke yako, mimi nibaki."

Alinitazama mdomo hata baada ya kuufunga. Vali akaiweka juu ya bampa, kwa uangalifu, isidondoke.

"Nikasema ndiyo," akasema.

"Ndiyo. Na itakuwa vizuri."

"Na ukaendelea kunipikia?"

"Ulikuwa unakula."

"Ukanitafutia na fundi."

"Gari lilikuwa linalia, Baba. Ningefanyaje?"

Mume wangu akaanza kulia. Mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe hajui kulia kwa staha. Kilitoka kilio kikubwa, cha wazi, kisicho na breki, kikagonga bati la paa kikarudi. Watu wa matairi wakaja mlangoni na magurudumu yao mikononi. Mteja mmoja akavua kofia akidhani kumetokea msiba. Taratibu akachomoka chini ya kitanda kwa kasi ambayo sikujua anayo, utando wa buibui kichwani.

"Mama, mwambie apunguze kidogo," akaninong'oneza. "Watu watasema tumempiga."

"Mwache," nikasema.

Nikamshika mkono, na masizi yake yote. Nilikuwa na neno la kumwambia, lakini alikuwa amefumba macho, kwa hiyo nikasimama pale nikangoja ayafumbue.